Kuchora huku ukiandaa maonyesho ya wengine

Ndugu, umeuliza kama ni sawa kutundika michoro yako kwenye maonyesho unayoyaandaa mwenyewe, na utachora saa ngapi kazi ikikubana. La kwanza: usiitundike. Hata ikiwa mizuri, wasanii wenzako watasema umejipendelea, na jina likichafuka halitakati upesi. Ipeleke kwenye jumba jingine, mwajiri wako akijua. Soma mkataba kwanza. Ukikuta kifungu cha mgongano wa maslahi usichokielewa, muone wakili.

Kuhusu muda, mimi huchora dakika 20 alfajiri, kabla sijagusa simu. Jioni macho yameshashiba kazi za watu (nilijaribu, nikawa nawaiga bila kujua). Penseli na daftari la karatasi isiyo na asidi (ile isiyogeuka manjano upesi) vinatosha.