Injini inagonga: maswali na vipimo kabla hujashika spana

Wadogo zangu mnaoanza ufundi, mteja akikuletea gari la zamani akasema linagonga, usimuulize linagonga vipi. Ataanza kukuigizia kwa mdomo, na utabaki ulipokuwa. Muulize linagonga lini. Asubuhi tu likiwashwa, au hata injini ikishapata moto? Likipanda mlima, au hata limesimama? Mlio ulianza ghafla au umekuwa ukikua? Oili ilibadilishwa lini? Ukipata majibu ya kweli, nusu ya kazi umeimaliza kabla hujafungua boneti.

Kisha chomoa kijiti cha oili. Hatua hii inadharauliwa kwa sababu haihitaji ujuzi, lakini injini iliyochoka hula oili, na wenye magari wengi hawaangalii. Kiwango kikishuka sana, pampu hunyonya hewa, tapeti za haidroliki (visukuma vali vinavyojazwa oili) huanza kulia, na metali za kranki (vibati laini vinavyoizunguka kranki, shafti kuu ya injini) hukauka. Inuse pia. Oili inayonuka petroli imeshakuwa nyepesi, na presha yake haitasimama.

Kama taa ya oili inawaka na mlio ni mzito, zima injini hapo hapo, hata mteja akikwambia "isikilize kidogo tu". Taa ile huwaka presha ikiwa imeshaanguka vibaya, kwa hiyo isipowaka bado hujui kitu. Fungua swichi ya presha, funga geji mahali pake, upime injini ikiwa ya moto. Wengi hutumia kipimo cha haraka cha psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, lakini namba ya kuamini ni ile ya kitabu cha injini yenyewe.

Sasa tafuta kama mlio unatoka juu au chini. Bisibisi refu linatosha: ncha kwenye chuma, mpini sikioni, mikono na nguo mbali na feni na mikanda. Linganisha kifuniko cha vali juu na sampu, bakuli la oili chini ya injini. Lakini chuma husafirisha sauti, na sikio huweza kukupeleka siko. Ndiyo maana napenda kutumia taimingi laiti (taa inayomulika plagi inapotoa cheche) kwenye injini za petroli zenye distribyuta na waya za plagi. Ibane kwenye waya wa silinda namba 1. Itamulika mara moja kila kranki inapozunguka mara 2, sawa na kasi ya kamshafti (shafti inayofungua vali). Pigo moja la mlio kwa kila mmuliko unakuelekeza kwenye tapeti na vali. Mapigo 2 kwa mmuliko mmoja yanakuelekeza chini, kwenye kranki. Usitoe hukumu kwa hilo peke yake, maana pistoni hugonga kwa nguvu zaidi mafuta yanapolipuka, na pigo la pili linaweza kukupita.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kuua silinda mojamoja, yaani kuizuia isiwake. Kwenye injini yenye distribyuta, chomoa waya wa plagi kwa koleo lenye mpini wa plastiki na uushikize kwenye bodi ya injini, usiuache uelee hewani. Kama kila plagi ina koili yake, chomoa soketi ya nozeli, ili petroli isiyoungua isiende kuharibu katalisti (kisafisha moshi kwenye eksozi). Mwenzako ashikilie mafuta kwenye mizunguko kama 1,500 hivi, nawe usikilize.

Mlio ukifa au ukififia sana unapoua silinda ya 3, tatizo liko silinda ya 3, ama metali ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ama pistoni iliyolegea kwenye silinda. Kuyatenganisha hayo mawili si kugumu. Pistoni iliyolegea hulia injini ikiwa baridi, kisha hutulia ikipata moto kwa sababu pistoni hutanuka na kuziba nafasi. Metali ya konrodi hufanya kinyume, injini ikipata moto oili huwa nyepesi na mlio huongezeka. Tena panda hadi mizunguko 2,500 hivi, ushikilie, kisha achia mafuta kidogo tu. Konrodi mbovu itajitaja hapo. Mlio ukiongezeka au kuwa wa mara mbilimbili unapoua silinda, shuku pini ya pistoni. Usipobadilika kwa silinda yoyote, basi ni metali kubwa za kranki, au kitu kilicho nje kabisa.

Kwenye dizeli za zamani zenye pampu ya kimakanika, kazi hiyo hufanywa kwa kulegeza nati ya bomba la nozeli, na mara nyingi utakuta ni nozeli mbovu tu. Kwenye dizeli za komoni reli, zenye bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, usithubutu. Presha humo inapita bar 1,000, na mafuta yale hutoboa ngozi.

Kuhusu vitu vya nje, msikimbilie kushusha injini. Ondoa mkanda, washa kwa sekunde chache. Mlio ukipotea, angalia altaneta, pampu ya maji au kompresa. Puli ya kranki iliyolegea hugonga kwa sauti nzito kabisa. Gari la otomatiki likiwa na sahani ya flaiwili iliyopasuka au bolti za konveta zilizolegea, hata fundi mzoefu ataapa ni konrodi. Eksozi inayovuja kwenye manifoldi hutiktika kama tapeti asubuhi, kisha hunyamaza chuma kikitanuka. Na mlio unaokuja mlimani tu, kama changarawe zinazotikiswa kwenye kopo, ni mafuta yanayolipuka vibaya: oktani ndogo, taimingi ya cheche iliyotangulizwa, joto kupita kiasi, au kaboni iliyojaa juu ya pistoni.

Ukibaki na shaka ya metali, mwaga oili kwenye chombo safi, kata filta, utandaze karatasi yake juani. Pitisha sumaku. Vipande vya chuma vitanasa. Unga wa tabaka laini la metali kwa kawaida haunasi, kwa hiyo ukiona unga unaometa unaoikwepa sumaku, hasa wa rangi ya shaba, tabaka la juu limeshakwisha. Fungua sampu.

Hapo utaombwa ubadilishe metali peke yake, za saizi ileile. Usikubali kabla hujapima jino la kranki (sehemu yake inayozunguka ndani ya metali) kwa maikromita, sehemu zaidi ya moja, ujue kama limekuwa yai, si duara tena. Likiwa limeliwa, litachongwa na kufungwa metali za andasaizi (nene zaidi, za kufidia kilichochongwa), mara nyingi ya milimita 0.25 au 0.50. Oili nzito na dawa za kwenye kopo hupunguza kelele tu, ugonjwa hubaki. Ninazikubali kwa tapeti zinazolia kidogo, si kwa konrodi. Na mwenye gari akiuliza kama anaweza kuliendesha polepole hadi nyumbani akatafute pesa, mwambie livutwe. Konrodi ikikatika, hutoboa bloku, na hapo hakuna tena cha kuchonga.