Jibu: Domeni na hostingi, nalipia kimoja au vyote?

Dada, umeuliza kama ukishanunua domeni ya duka lako la vitenge bado utadaiwa hostingi ya tovuti yake. Ndiyo, ni malipo mawili tofauti. Domeni ni lile jina linaloishia na .co.tz, unalilipia kila mwaka. Hostingi ni nafasi kwenye seva, yaani kompyuta iliyounganishwa na intaneti muda wote, ambako faili na picha zako zinakaa. DNS, mfumo wa majina ya intaneti, ndiyo inayoviunganisha: mteja akiandika jina, inamtafutia namba ya IP, yaani anwani ya seva hiyo.

La muhimu kuliko yote: domeni isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi anayekutengenezea tovuti. Ikiwa kwa jina lake, mkigombana au akipotea, jina la biashara linabaki mikononi mwake, na kulirudisha ni kazi kwelikweli. Nakusihi usilipuuze hili.

Kurasa zenyewe huandikwa kwa lugha mbili: HTML hubeba maandishi na picha, CSS hupanga rangi na mwonekano. Cheti cha SSL, kinacholinda taarifa kati ya mteja na tovuti, usikimbilie kukinunua. Huduma ya Let's Encrypt hukitoa bure, na hostingi nyingi hukiweka zenyewe. Halafu punguza ukubwa wa picha za vitenge kabla ya kuzipandisha, maana wateja wengi watafungua kwa simu, na bando lao ni la kuhesabu.