Dada, usiende Coco na mkanda huo

Jumamosi usiende. Umeandika kwamba paka wako ana miezi minane, hajawahi kutoka nje ya geti, umemnunulia mkanda wa kifuani wa mbwa mdogo kwa sababu muuzaji kasema "ni ule ule tu", na keshokutwa unampeleka Coco Beach, hapa Dar, akapunge upepo. Ukauliza kamba iwe na urefu gani, achanjwe nini, na ufanyeje watu wakikushangaa. Nimesoma nikasisimka mwili. Mkanda ule ule, maneno yale yale, mpaka ufukwe ule ule.

Wangu anaitwa Karafuu, dume, rangi ya chungwa, nilimlea toka ananyonya kwa bomba la sindano. Kijana wa dukani alimpima kwa kusikia tu, paka mwenyewe yuko nyumbani. Akanichomolea mkanda wa mbwa mdogo, akasema, "Kaza kidogo, hatoki huyo." Mpaka leo nina hasira naye. Kama hakujua, angesema hajui, ningeenda kumuuliza daktari wa mifugo. Mtu anakuuzia kitu cha kushikilia roho ya mnyama wako anajibu kama anauza pipi. Na hiyo "ni ile ile" yao usiikubali popote: dawa za kupe za mbwa za kudondoshea mgongoni, zile zenye permethrini, zinaua paka. Mbwa anapakwa yuko salama, paka anaanza kutetemeka na kupiga degedege.

Nikamvisha Karafuu sebuleni. Akajilaza ubavu, kimya, hanyanyuki. Nikasema ametulia, kazoea. Kumbe paka akivishwa akalala hivyo amegoma, mwili umekataa. Kuzoea ni pale anapokula, anaruka juu ya kochi na kucheza akiwa amevaa, na hilo huchukua wiki kadhaa. Mimi nilimpa siku mbili.

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mnaijua Coco saa hizo: moshi wa mishikaki, watoto, kila gari na muziki wake. Nilimbeba mikononi toka kwenye bajaji, nikamweka mchangani karibu na vichaka. Kama dakika tatu alinusanusa, mkia umetulia, nikaona raha. Ikapita bodaboda yenye ekzosi iliyotobolewa, ikapiga mlio kama baruti. Karafuu akajibana chini, masikio yakalala, akaanza kurudi kinyumenyume. Na mimi nikavuta kamba.

Hapo ndipo nilipompoteza, na ndiyo sababu naandika yote haya. Mbwa akichomoka kwenda mbele, mkanda unamdaka kifuani. Paka anarudi nyuma. Mtulinga wake, ule mfupa unaotoka chini ya shingo kwenda begani, haukuungana na mifupa mingine kama wetu, umekaa ndani ya nyama tu, kwa hiyo mabega yanajikunja na kupita mahali ambapo ungeapa hapiti. Ukiwa umesimama mbele yake ukavuta, unamvua mwenyewe, kama unavyomvua mtoto fulana kwa kupitishia kichwani. Haikufika sekunde mbili. Nikabaki na mkanda mkononi, kifungo bado kimefungwa vilevile nilivyokifunga nyumbani, na manyoya ya rangi ya chungwa yamenasa kwenye kitambaa.

Nilimtafuta usiku tisa. Nane za kwanza nilizipoteza kwa kwenda mbali, huku mitaa ya ndani ya Oysterbay, kule mpaka Msasani, naita jina lake barabarani kama kichaa. Hakuna aliyeniambia kwamba paka wa ndani akipotea kwa kawaida hajatokomea, amejichimbia karibu na pale alipokuponyoka, na kwa hofu hajibu hata ukiita wewe uliyemlea. Aliyeniokoa ni mama mmoja anayekaanga mihogo pale. Akaniambia, "Mwanangu, acha kupiga kelele. Njoo watu wakishaondoka, njoo na samaki na tochi, ukae chini." Saa nane usiku nikamulika chini ya mbao za kibanda, nikaona macho mawili yanarudisha mwanga. Hatua kama arobaini kutoka aliponitoka! Siku zote hizo nilikuwa nampita.

Alitoka nyumbani na kilo 4.2, akarudi na 3.1, nyayo zimechubuka. Miezi miwili hakusogelea mlango, ukigusa funguo tu yuko chini ya kitanda. Watakaokuja kuandika kwamba paka kazi yake ni panya waandike, lakini huyu dada kauliza kwa sababu anampenda wake.

Basi fanya hivi kabla ya kingine chochote. Funga mlango wa chumba na madirisha. Mvishe, kaza mpaka vidole vyako viwili vipite kwa kubana kati ya mkanda na mwili. Kaa mbele yake, shika kamba, mwache arudi nyuma, nawe ushikilie taratibu bila kumkwida. Tazama kiwiko chake. Kiwiko kikianza kuingia ndani ya mkanda, amekwisha kutoka, na huo mkanda haufai kuvuka kizingiti. Tafuta ule wa paka uliokatwa kama kizibao, unaofunika kifua na mgongo, na huo nao uujaribu hivihivi, mara nyingi, siku tofauti. Asiporudi nyuma leo, jaribu kesho. Usijiambie "wangu mpole". Karafuu ni mpole mpaka wageni wanambeba begani.

Na mkono wako nao uufundishe. Akianza kurudi nyuma, usivute. Legeza kamba, umfuate, inama, weka kizimba chake cha kubebea mbele yake aingie. Maana kizimba lazima kiwe nawe kila siku, asibebwe mikononi kama nilivyofanya mimi. Mara ya kwanza iwe uani kwenu, asubuhi na mapema, geti limefungwa. Siyo Coco. Coco hata mimi leo simpeleki, na Karafuu sasa anatembea vizuri, anazunguka mwarobaini wetu, ananusa kila jani, anarudi mwenyewe kwenye kizimba akichoka.

Chanjo, ya kichaa cha mbwa asikose, nyingine atakupangia daktari. Mengine uliyouliza watakujibu wengine humu.

Lakini leo ni Alhamisi, una usiku wa leo na wa kesho. Funga mlango, fanya jaribio la kinyumenyume, halafu rudi hapa uniambie kiwiko kimekaa wapi. Nasubiri, silali mapema.