Walivyokaa milangoni

Mwanangu Salma,

Picha zako za mnara wa Belém huko Lisbon zimefika. Huku Lindi sote wazima, ila bibi yako na magoti yake. Swali lako nimelala nalo siku mbili: nchi ndogo kama Ureno, tena maskini, iliwezaje kubaki Msumbiji na Angola hadi 1975, wakati Mwingereza mwenye nguvu zake alikwisha funga mizigo zamani?

Unakumbuka nilipowavusha kwenda Kilwa Kisiwani, wewe ukiwa darasa la tano? Uligoma kuingia ile ngome iitwayo Gereza, ukidhani mna wafungwa. Neno lenyewe la Kireno, igreja, yaani kanisa. Kwetu likaishia kuwa jela. Almeida, amiri wa Kireno, aliuteka mji ule Julai 1505 akajenga ngome, macho yake yakiwa kwenye dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji, iliyokuwa ikipitia pale. Biashara ikadorora, na 1512 wakaondoka. Miaka saba tu! Hayo magofu uliyoyaogopa, sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye.

Wakati ule Ureno nzima ilikuwa na watu wapatao milioni moja. Kwa watu hao huitawali Bahari ya Hindi. Basi wakakaa milangoni mwa bahari na mizinga yao: Goa ya India 1510, Malacca ya Malaya 1511, Hormuz mdomoni mwa Ghuba ya Uajemi 1515. Nahodha aliyetaka kupita alinunua cheti chao, wakikiita cartaz, na asiyekuwa nacho shehena yake ilikuwa halali yao. Ni kama kizuizi cha barabarani, mwanangu. Askari watatu na kamba husimamisha malori mia, mpaka aje mbabe zaidi yao.

Wababe wakaja. Waholanzi waliichukua Malacca 1641, Waomani wakaichukua Muscat 1650. Kisha Waomani hao hao wakaizingira Ngome ya Yesu kule Mombasa, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwamo wakateketea kwa maradhi na njaa. Wareno walirudi 1728, mwaka uliofuata wakatimuliwa. Kaskazini ya Ruvuma wakawa wamekwisha. Brazil, waliyoijaza watumwa kutoka Angola na hata Msumbiji, ikajitenga 1822.

Wewe unashangaa walikaa muda mrefu ingawa walikuwa dhaifu. Mimi nasema walikaa kwa sababu walikuwa dhaifu. Mwingereza alishusha bendera, benki na makampuni yake yakabaki. Mreno akishusha bendera abaki na nini? Hata mtaji hakuwa nao: kaskazini ya Msumbiji aliikabidhi Kampuni ya Niassa, ikatoza kodi na kutumikisha watu hadi 1929. Baadaye ikaja pamba ya kulazimishwa. Wamakonde wakavuka Ruvuma kuja kukata mkonge huku kwetu. Mwaka 1951 Salazar, dikteta wa Ureno, akaona dawa ni kubadili jina: makoloni yakaitwa mikoa ya ng'ambo. Mueda, kaskazini ya Msumbiji, tarehe 16 Juni 1960, watu wa huo "mkoa" waliokusanyika kudai haki zao walipigwa risasi.

Vita vilianza Angola 1961, Guinea-Bissau 1963, Msumbiji 1964. Tulipokuwa wadogo tulikaa kando ya barabara tukihesabu malori ya kwenda Nachingwea, kwenye kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji. Tuliambiwa tusiulize yamebeba nini. Jirani yetu alikuwa mama wa Kimakonde, amekimbia na watoto wawili, na kila jioni alikuja kwetu kusikiliza redio, kwa kuwa yake haikuwa na betri.

Waliouvunja utawala wa Mreno mwishoni ni wanajeshi wao wenyewe, waliochoka kupelekwa kufa porini. Tarehe 25 Aprili 1974 wakaiangusha serikali hapo hapo Lisbon ulipo. Ukikaa kwenye basi na mzee wa miaka sabini na kitu, muulize kwa adabu ujanani alipelekwa wapi. Wengi wao wanaijua Mueda kuliko mimi.

Msumbiji ikawa huru 25 Juni 1975. Yule mama alifunga mizigo kabla hata mvua hazijaanza. Kinu hakikuingia kwenye lori, akamwachia bibi yako. Ndicho kile cha mpingo ulichokuwa ukikalia jikoni, ukilia kwamba wali haujaiva.

Baba yako