Maswali na Majibu: Rais wa Marekani na Madaraka ya Vita

Wapo wanaomfananisha Donald Trump na Abraham Lincoln, rais wa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini, kwa kuchukua hatua kubwa bila idhini ya Bunge.

Je, ni kweli kwamba Abraham Lincoln aliwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani?

Ni kweli. Aprili 1861, wafuasi wa waasi wa Kusini walipokuwa wakichoma madaraja ya reli huko Maryland na kutishia kuutenga mji mkuu, Lincoln alisimamisha haki ya aliyekamatwa kufikishwa mbele ya jaji. Mmoja wa waliokamatwa, John Merryman, alifungiwa katika ngome ya Fort McHenry. Jaji Mkuu Roger Taney alipoagiza aletwe mahakamani, jeshi lilikataa, naye Taney akaandika kwamba mamlaka hayo ni ya Bunge. Lincoln aliendelea vilevile, na Bunge likamhalalishia Machi 1863. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba alipotoa amri ile Bunge halikuwa kikaoni.

Je, mahakama imewahi kumzuia rais vita vikiwa bado vinapiganwa?

Imewahi, ingawa kwa nadra. Mara nyingine humwachia: mwaka 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, Mahakama ya Juu ilibariki kuondolewa kwa Wamarekani wenye asili ya Japani katika makazi yao ya pwani ya magharibi. Lakini mwaka 1952, wakati wa vita vya Korea, Rais Harry Truman alitwaa viwanda vya chuma ili kuzuia mgomo, na safari hii majaji sita dhidi ya watatu walimpinga. Jaji Robert Jackson, aliyepinga hukumu ya 1944, alikuwa miongoni mwa hao sita. Mawakili wa serikali walimkumbusha kauli zake mwenyewe za kuunga mkono hatua kama hiyo, enzi alipokuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Akajibu kwamba maneno ya wakili anayetetea upande wake hayawezi kumfunga jaji, hata kama wakili huyo ni yeye.

Kwa hiyo Donald Trump anafanana na Lincoln?

Mimi naona mfano wa Truman unamkaa vizuri zaidi. Truman alitumia mamlaka ya kutwaa viwanda, ambayo Bunge lilikataa kumpa rais mwaka 1947. Februari 2019 Trump alitangaza hali ya dharura ili achote fedha za jeshi kujengea ukuta wa mpakani, siku moja tu baada ya Bunge kumnyima kiasi alichoomba. Mabaraza yote mawili yakapiga kura kuifuta dharura hiyo, naye akatumia kura ya turufu. Lincoln alitangulia mbele ya Bunge lililokuwa likizoni, ilhali hawa wawili walikwishapewa jibu.

Na ile sheria ya 1973 ya madaraka ya vita, inayompa rais siku 60 za kupigana bila idhini ya Bunge?

Inamtaka rais asitishe mapigano baada ya muda huo iwapo Bunge halijaidhinisha. Mwaka 2011 Barack Obama aliuvuka muda huo nchini Libya, kwa hoja kwamba operesheni isiyo na askari wa Marekani ardhini haikuwa na ukubwa uliokusudiwa na sheria.