"Ile nafasi ina mtu": nani kakuambia?

Chuo chochote hapa Mwanza kikitoa tangazo la kazi ya uhadhiri, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni vijana niliowafundisha, na swali lao ni moja: "Madam, tuombe au tusijisumbue? Tumesikia ile nafasi ina mtu." Wengine hata hawaulizi. Wameshasikia, wamekubali yaishe, na siku ya mwisho ya kupokea maombi inawakuta Mwaloni Kirumba wakipakia dagaa, huku GPA ya 4.2 imelala kwenye bahasha nyumbani.

Siwalaumu sana. Mji wetu ni mkubwa kwa watu lakini kwa wasomi ni mdogo. Ukiwatoa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kule Malimbe na chuo cha tiba cha Bugando, vingi vilivyobaki ni matawi ya vyuo ambavyo makao makuu yake yako Dodoma au Dar es Salaam. Mwalimu wa muda anafundisha Nyegezi asubuhi, jioni yuko katikati ya mji. Neno likitamkwa ofisini mchana, kabla ya magharibi limefika upande wa pili, limeshaongezwa chumvi.

Na tusidanganyane, kuna nafasi zenye wenyewe. Kuna matangazo ya geresha. Ninachogombana nacho ni tabia ya kumeza kila tunachosikia eti kwa sababu lisemwalo lipo.

Kwanza jua nani anaajiri. Vyuo vya umma hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma: unajaza maombi kwenye Ajira Portal, mfumo wake wa mtandaoni, ukipita unaitwa kwenye mchujo wa kuandika, kisha mahojiano. Chuo binafsi au cha taasisi ya dini kinaajiri chenyewe. Kinatangaza, barua zinapokelewa, kamati inakaa, mtu anapigiwa simu. Huko mtu wa ndani ana nguvu kweli, na kwa maoni yangu si kila mara ni dhuluma. Chuo kimemwona darasani, kinajua anasahihisha mitihani kwa wakati, kinajua hatawakimbia katikati ya muhula. Wewe wanakujua kwa karatasi tu. Kwenye chuo cha umma, yule anayejitolea pale naye lazima akae kwenye mtihani ule ule utakaoufanya wewe. Sisemi huko hakuna vimemo vya wakubwa. Nasema kimemo kina safari ndefu zaidi.

Halafu jifunze kusoma tangazo lenyewe. Nimesikia watu wakisema tangazo limeandikwa kumlenga fulani kwa sababu eti linataka GPA ya 3.8 kwa mkufunzi msaidizi. Jamani, hilo sharti liko kwenye matangazo ya vyuo vikuu chungu nzima. Umri usiozidi miaka 45 pia ni kawaida kwenye matangazo ya Sekretarieti. Tangazo la kutilia shaka ni lile linalotaka shahada ya kwanza ya fani finyu, ya uzamili ya fani nyingine finyu isiyo na undugu na ile ya kwanza, na juu yake uzoefu wa kufundisha somo ambalo unajua kabisa linafundishwa chuo kimoja tu. Hapo hata mimi nasema kuna mtu. Omba kama una sifa zote, ila usiweke moyo.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kuwa mimi huyo "mtu". Nilikuwa nafundisha kwa muda katika chuo kimoja hapa mjini, sikitaji. Tangazo la nafasi kwenye idara yetu likatoka, na siku zile zile mhasibu akanitaka nakala za vyeti, namba ya TIN na akaunti ya benki ili malipo yangu ya muhula yapite. Nikapita koridoni na bahasha ya kaki hadi ofisi ya utumishi, mlango ule ule unaopokea maombi ya kazi. Saa saba nilipoingia kantini, kabla sijaagiza ugali na sato, mama mpishi akanipokea kwa kicheko: "Madam, pilau tunakula lini?" Sikuelewa mpaka mwenzangu mezani alipopigilia msumari: "Usijifanye hujui, tumeona bahasha."

Kufikia Ijumaa, walimu wenzangu wawili wa muda walikuwa wameniambia usoni kwamba hawaombi, wameniachia. Mmoja wao alinizidi kila kitu: matokeo, machapisho, hata namna ya kuwatuliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mkuu wa idara hakuwa ameniambia neno hata moja kuhusu ile nafasi, alichonidai ni alama za mtihani wa kati tu. Nikaomba kama wengine, nikaitwa, nikahojiwa. Akachukuliwa kijana kutoka Songea. Hakuwa na anayemfahamu Mwanza nzima, kwa hiyo hakuna aliyemwambia kwamba nafasi ina mtu.

Basi ukiletewa habari, mbane aliyeileta. Amesikia kwa nani, na huyo aliona nini kwa macho yake? Karani anaweza kujua barua ngapi zimeingia, lakini hajui kamati itaamua nini. Anayesema "amepewa meza ofisini" ameona meza, basi. Na mwalimu mwenzako wa muda anayekushauri kwa upole usipoteze bando lako, muulize kama yeye ameshaomba. Utashangaa ni maneno mangapi ya mjini yanatoka kwa mtu anayetaka foleni ipungue.

Kisha piga hesabu ya gharama, maana hapo ndipo uvumi unapostahili kupimwa. Kuomba kwenye mfumo kunakula bando na jioni moja. Hata kama nafasi ina mwenyewe, umepoteza nini? Safari ya usaili ni habari nyingine: basi la Dodoma kutoka stendi ya Nyegezi, pa kulala, chakula, nakala za vyeti. Ukiwa na uwezo, nenda, kwa sababu kwenye usaili wa Sekretarieti anayefaulu akakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na anaweza kupangiwa kituo kingine pakitokea uhitaji wa kada ile ile. Kama nauli ni mpaka ukope kausha damu, hapo sikulazimishi.

Kuna kitu kingine ambacho uvumi unakificha, na hiki ndicho kinachoniuma zaidi. Wengi walioachwa hawajaondolewa na mtu wa ndani. Wameondolewa na karatasi. Mtu anaweka hati ya matokeo badala ya cheti. Shahada ya nje haijapitishwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Jina la kidato cha nne si lile la chuoni na hakuna nyaraka ya kisheria inayoeleza. Kijana mmoja alinilalamikia nusu saa nzima kwamba "walishapanga watu wao". Nikamwambia anifungulie kwenye simu ile barua aliyopandisha. Aya zimenyooka, jina kamili liko chini, saini hakuna. Nilinyamaza, akaiona mwenyewe.

Na wewe uliye ndani, unayefundisha kwa muda ukisubiri: usipokee pongezi za kantini. Andika maombi kana kwamba hakuna anayekujua, barua kamili na vyeti vyote, kwa sababu aliyezoea kuonekana ndiye anayesahau kuambatanisha. Endelea kuomba kwingine pia. Ile kauli ya "vumilia, ikitangazwa ni yako" haina saini ya mtu. Kuna vyuo vinaendeshwa miaka na miaka kwa walimu wa bei rahisi wanaoishi kwa kauli hiyo. Dai mkataba wa muda ulioandikwa, wenye vipindi, malipo na tarehe ya kulipwa. Mkuu wa idara anayekuthamini hatakasirika.

La mwisho ni wale wanaokuja na uvumi na dawa yake kwa pamoja: "Nafasi ina mtu, lakini ukituma kidogo naweza kukuchomeka." Awe tapeli wa mtandaoni au mfanyakazi wa chuo kweli, usitume kitu. Usimjibu kwa matusi pia, atakufungia na kufuta alichoandika. Hifadhi ujumbe, namba ya simu na jina linalotokea kwenye muamala, kisha wapigie TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, kwa 113. Namba hiyo ni ya bure, hata salio likiwa limeisha.