Maswali ya wasomaji: chumvi, baridi na pikipiki yako

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa kutu, na nyingi zimetoka kwa ndugu zetu walioko nchi za baridi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwasababu ndani yake kuna jambo la hatari.

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Mimi niko Birmingham napiga delivari za chakula na Honda CB125F, nimeinunua mtumba mwezi wa tisa ikiwa safi kabisa. Sasa hivi kwenye injini kuna unga mweupe unatokea chini ya rangi, nati za ekzosi zimekuwa kahawia, na breki ya mbele nikiiachia tairi linazunguka kwa kusita. Nakaa ghorofa ya tatu, sina bomba la nje wala gereji, pikipiki inalala barabarani nimeifunika turubai. Wenzangu wananiambia ndo UK hiyo zoea tu. Ni kweli hamna la kufanya? (Msomaji, Birmingham)

JIBU: Pole na baridi kaka, na hapana, usizoee. Hiyo pikipiki ndo inakulipia kodi ya nyumba, na kutu ya huko inazuilika kwa vitu vya bei ndogo ukishajua unapambana na nini.

Ila breki kwanza, manake hapo ndo roho yangu haijatulia. Breki inayosita kuachia mara nyingi ni pistoni za kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki, zimeshikwa na chumvi na uchafu, au zile pini ambazo kalipa inatelezea zimekauka grisi. Hiyo isisubiri mwisho wa mwezi, mpelekee fundi wiki hii. Kama unajua kufungua mwenyewe, toa kalipa, toa padi, safisha pistoni kwa mswaki laini na dawa ya kusafishia breki, zirudishe ndani taratibu bila kulazimisha, pini zipake grisi ya silikoni, na usiweke grisi ya kawaida karibu na mipira ya breki kwasababu inaivimbisha. Ukikuta pistoni imeliwa na kutu mpaka ina vishimo usiirudishe, nunua nyingine. Ukimaliza minya breki mara kadhaa mpaka ikaze kabla hujatembea hata mita moja. Kwa kazi kama yako ya kila siku kalipa ifunguliwe tena katikati ya msimu hata kama haijalalamika.

Sasa tuje kwenye chumvi yenyewe. Kuanzia kama mwezi wa kumi mpaka wa nne halmashauri za huko zinatoa malori usiku kumwaga chumvi ya mawe kila utabiri unaposema lami itakaribia sifuri, ni kama gramu 10 kwa mita mraba usiku wa baridi ya kawaida, na ikitarajiwa theluji inakuwa mara mbili au zaidi. Nyingi inachimbwa chini ya ardhi Winsford, Cheshire, mgodi ulioanza tangu 1844, na imechanganyika na udongo, ndo maana uchafu unaoganda chini ya pikipiki yako ni wa kahawia. Watu wakiona kahawia wanadhani ni tope tu litakauka lidondoke. Halikauki! Chumvi inavuta unyevu wa hewani, hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi chumvi inaanza kulowa yenyewe, na Uingereza wakati wa baridi hewa inapita hapo siku nyingi sana, kwahiyo hata siku umepumzika, mvua hamna, pikipiki imesimama tu, chuma kimelala ndani ya maji ya chumvi kutwa nzima.

Na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya kawaida, sasa kutu ni umeme mdogo mdogo unaotembea kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, ukiurahisishia njia kazi inakimbia. Pabaya zaidi ni pale bolti ya chuma ilipoingia kwenye aluminiamu ya injini, hapo metali mbili tofauti zimegusana na inayoliwa ni aluminiamu. Huo unga mweupe ndo aluminiamu yenyewe iliyoliwa. Kijiwe kimepiga, rangi imechubuka kidogo tu, chumvi imepenya na sasa inatambaa chini ya rangi.

Dawa ya kwanza ni maji, tena maji baridi, usiku uleule unaporudi kazini. Najua huna bomba. Nunua ile chupa ya kupulizia bustani ya lita 5 yenye pampu ya mkono, ijaze jikoni, shuka nayo, subiri injini ipoe, halafu puliza kuanzia chini: mabomba ya ekzosi yanapotokea kwenye injini, chini ya injini, nyuma ya tairi la mbele, kalipa, swingiamu (ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma), nyuma ya kibao cha namba. Dakika chache tu. Usihangaike kuchemsha maji eti yatasafisha vizuri, joto linaharakisha kutu kama kuna chumvi itakayobaki, na ya baridi yanaiyeyusha vizuri tu. Ila usiku wa barafu usimwage maji mtaani, yataganda na mama wa watu atateleza asubuhi akienda kazini, siku hiyo acha, osha kesho mchana kukiwa juu ya sifuri. Mara moja kwa wiki tumia shampoo ya magari. Sabuni ya vyombo hapana, inaondoa waksi yote uliyopaka.

Dawa ya pili ni kuweka ngozi ya mafuta juu ya chuma ili chumvi isiguse. Hapa watu wengi wanapulizia WD-40 wakidhani wamemaliza, sasa ile ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na kufukuza maji inafukuza kweli, lakini ni nyepesi, mvua mbili tatu imeshaondoka. Kwa msimu mzima mimi naamini zaidi ACF-50, ambayo asili yake ni kulinda ndege, inatambaa yenyewe mpaka kwenye nyuzi za bolti na viungo vya waya. Osha, kausha kabisa kabisa, paka kidogo kwa brashi au kitambaa, ile ya kuonekana imelowa chapachapa ni nyingi mno inakusanya mchanga. Halafu kuna FS365 ya Scottoiler, hiyo ni ya kupuliza kila baada ya kuosha, kwa mtu wa kazi ya kila siku naona ni rahisi kuishi nayo. Zote mbili ZISIGUSE diski, padi, tairi wala pa kukanyagia. Funika diski na mfuko wa plastiki kabla hujapuliza, narudia, funika diski.

Huo unga mweupe usiupake kitu juu yake hivihivi. Usugue na msasa laini mpaka uone metali safi, futa, paka rangi ya injini, ikikauka ndo uweke ACF-50. Nati za ekzosi usizilazimishe na spana ndefu, zikikatika hapo utalia, zipulizie mafuta ya kupenya siku kadhaa, zikikubali kutoka zirudishe na grisi ya shaba.

Cheni inakula chumvi kuliko kitu kingine chochote kwenye pikipiki na watu wanaisahau. Ifute kwa mafuta ya taa na kitambaa, kama ina oringi, vile vipira vidogo kwenye viungo vyake, usitumie petroli, kisha paka mafuta ya cheni ukiwa umetoka kutembea ikiwa bado ina joto, ukipaka asubuhi ukaondoka hapohapo nusu yake inaishia kwenye rimu. Na tafuta kile kipande cha plastiki cha kurefushia madigadi ya mbele, bei yake ni ndogo na kinazuia maji ya tairi kupiga injini yote. Turubai libadilishe. Turubai la plastiki lisilopumua linafungia unyevu ndani na pikipiki inaoza imefunikwa. Chukua kava la pikipiki lenye matundu ya hewa, na usifunike ikiwa imelowa. Kumbuka pia pikipiki ikifika miaka mitatu inaingia MOT, ule ukaguzi wa lazima wa huko, kila mwaka na breki na kutu ya fremu vinaangaliwa, kwahiyo hii kazi sio urembo.

SWALI: Asalaam aleikum. Niko Leicester. Marehemu baba yangu Unguja alikuwa anapaka vespa yake oili chafu chini kote na haikuota kutu miaka yote. Naweza kufanya hivyo huku? Oili ninayo, natoa mwenyewe kwenye gari. (Msomaji, Leicester)

JIBU: Waaleikum salaam, Mungu amrehemu mzee. Wazo lake lilikuwa sahihi, mafuta yanazuia maji ya chumvi kugusa chuma. Tatizo ni oili yenyewe. Ikishatumika kwenye injini inakuwa imebeba maji, masizi na asidi za moshi, yani unapaka dawa yenye sumu ndani yake. Halafu haitulii, inadondoka, inaenda kwenye tairi, inaenda kwenye diski, na inalainisha mipira. Ikidondoka barabarani anayekuja nyuma na pikipiki yake ndo anaanguka. Hiyo oili ipeleke kituo cha halmashauri cha taka, wanaipokea. Chini ya pikipiki paka waksi ya spreyi ya kuzuia kutu, au zile zenye lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo, zinang'ang'ania chuma vizuri na hazidondoki ovyo.

SWALI: Kaka, nyie mnaongelea baridi tu, sisi wa Nungwi je? Boxer yangu haina miaka miwili spoku zimeota kutu na ekzosi imetoboka. Naiosha kila siku na kisima cha nyumbani, sijui nakosea wapi. (Msomaji, Nungwi)

JIBU: Una haki ya kulalamika kaka, na chumvi yako ni ileile ya Birmingham, wao wanamwagiwa na lori wewe unaletewa na upepo. Kipindi cha kusi bahari inapasuka, matone madogo yanapeperuka na kutua kwenye kila kitu, na joto letu linaifanya kutu iende haraka kuliko huko kwenye baridi.

Nakuomba ufanye kitu kimoja leo, onja maji ya kisima chako. Visima vingi karibu na ufukwe vina maji ya magadi au ya chumvi kabisa, na wewe ukiosha kila siku na maji hayo halafu jua likayakausha unakuwa unapaka chumvi mwenyewe kwa mikono yako. Kama ni ya chumvi tafuta maji ya bomba au kinga ya mvua kwenye bati, lita kumi za maji matamu zinatosha kusuuzia mwisho, heri uoshe mara mbili kwa wiki na maji matamu kuliko kila siku na ya chumvi. Spoku zifute kavu na kitambaa chenye mafuta kidogo, hasa pale spoku inapoingia kwenye rimu ndo panapoanzia. Na njia ya ufukweni maji yakitoka, ule mchanga mgumu unaovutia kukatiza, uachie ng'ombe na baiskeli. Najua inaokoa dakika nyingi lakini tairi linarusha maji ya bahari moja kwa moja kwenye beringi na breki, hakuna spreyi itakayokusaidia hapo. Ekzosi iliyotoboka peleka ikachomelewe, halafu kila siku ukitoka kazini ukishaona injini imepoa pitisha kitambaa cha mafuta.

SWALI: Habari fundi. Mimi dada yako wa Toronto, huku pikipiki haitembei kabisa miezi minne mitano. Mume wangu anaiwasha kila Jumapili dakika tano ili isilale. Mimi naona kama anapoteza petroli, nani yuko sahihi? (Msomaji, Toronto)

JIBU: Wewe uko sahihi dada, na mwambie shemeji kwa upole. Injini inapounguza mafuta inatoa maji pia, yakiwa mvuke. Dakika tano hazitoshi kuipasha mpaka maji hayo yatoke yote, kwahiyo yanabaki kwenye ekzosi na kwenye oili, kila Jumapili anaongeza mengine, na ndani kunaota kutu.

Aiache ilale vizuri. Amwage oili ya zamani aweke mpya kabla ya kuiegesha, ajaze tenki petroli na kuichanganya na dawa ya kuitunza, kisha aiwashe kidogo ili dawa ifike mpaka kwenye injekta au kabureta, tenki likijaa hamna nafasi ya hewa yenye unyevu kuota kutu ndani. Betri aitoe aiweke ndani ya nyumba kwenye ile chaja ndogo inayojizima yenyewe. Aioshe chumvi yote, aikaushe, apake ngozi ya mafuta kama nilivyomweleza kaka wa Birmingham, mdomo wa ekzosi auzibe na kitambaa panya wasiingie, na afunge utepe mwekundu kwenye funguo ili asisahau kukitoa. Mwezi wa nne jua likitoka asikimbilie barabarani siku ya kwanza, chumvi ya msimu mzima bado iko palepale kwenye lami ikiwa vumbi, asubiri mvua kubwa mbili tatu ziioshe barabara.